Chai Ina Chumvi

Mwanatumu hakukubali kwamba neno hununuliwa.
"Tangu lini?" aliniuliza, mkono juu ya droo ya pesa.
"Si tunayaokota bure midomoni mwa watu?"
Ndiyo, nikasema, ila hatujui ni midomo ipi.

Duka lake liko Bakarani, kati ya muuza saruji
na kinyozi asiyezima redio.
Anauza mitambo ya kutoa chumvi majini:
mitungi ya buluu, mipira, vichujio.
Tovuti anayo. Mpwawe aliitengeneza, akaenda zake Doha.
Juu kabisa, kwa herufi za rangi ya dhahabu,
mshororo aliotunga Mwanatumu mwenyewe:

    Maji matamu bombani, ni neema ya nyumbani.

Mizani imetimia, vina vimekaa,
na mwaka mzima hapakupita mtu hapo
ila mimi na mpwa.

Nikamwambia: kuandika kurasa ni kupanda mnazi,
hauzai kesho.
Tangazo la kulipia ni dafu la njiani:
unatoa pesa, unakunywa, unajua papo hapo.
Tuonje kwanza madafu ya minazi mbalimbali
ndipo tujue mbegu ya kupanda.
Akatoa shilingi mia tatu kwa siku, siku kumi na nne,
akazihesabu mara mbili.

Tulinunua "neema". Hakuna aliyetafuta neema.

Tulinunua "maji safi", neno ghali,
linagombewa mnadani na wenye maboza,
wenye chupa, wenye matangi.
Watu sitini na mmoja walibofya,
sitini na mmoja tukawalipia,
simu ikalala kifudifudi juu ya kaunta.
Mmoja wao alikuwa ameandika:
insha maji safi darasa la sita.

Mwanatumu akafunga droo kwa ufunguo.

Siku ya saba nikafungua orodha ya nyuma,
ile inayoonyesha watu walichoandika kwa vidole vyao,
si tulichodhani wataandika.
Nikamsomea, kinyozi naye kapunguza sauti asikie:

    maji ya kisima yana chumvi nifanyeje
    nywele zinakatika nikioga
    birika limeota ukoko mweupe
    sabuni haitoi povu

na moja, saa nane usiku na dakika kumi:

    chai ina chumvi wageni wanakuja kesho

Akavua miwani.
"Mimi huyo," akasema.
"Siku ya posa yangu mama alitia sukari
hadi kijiko kikasimama chenyewe,
na bado chumvi ikawatangulia wageni ulimini."

Mbofyo huo ulitugharimu shilingi nne.
Hakuna mwingine aliyelitaka neno hilo.

Wiki ya pili tukayaacha maneno ya fahari,
tukanunua malalamiko.
Watu tisa wakabofya, wanne wakapiga simu,
mitambo miwili ikafungwa: Mtopanga, na Shanzu.
Kisha tukazima matangazo, tukakaa kuandika.
Yeye anasema, mimi nachapa.
Alinikataza neno "suluhisho".
Mshororo wake nikauteremsha chini, kwa heshima,
karibu na nambari ya simu,
na juu nikaweka: Chai ina chumvi?

Mwezi wa kwanza tulikuwa ukurasa wa saba,
mahali ambapo hata wadai hawakutafuti.
Mwezi wa tatu, ukurasa wa pili.
Mvua ikanyesha, visima vikapoa kidogo, watu wakasahau,
jua likarudi, wakakumbuka.
Sasa ukiuliza kuhusu birika lako, sisi ndio wa kwanza,
bila kumlipa mtu.

Isipokuwa neno moja.
Nimemweleza: la chai liko juu lenyewe,
kulilipia ni kumwaga pesa shimoni.
Amenisikia vizuri. Kila Jumatatu
anafungua droo, anatoa noti ya hamsini.
"Liache," anasema. "Na uniambie
kama kuna aliyeamka usiku."