Mbuzi Asiyechinjwa

Mbuzi niliyenaye jikoni hana damu.
Ana meno ya chuma na mgongo wa mfenesi,
nakaa juu yake nikikuna nazi
na Limbani nzima inajua nimeamka.

Sijala nyama tangu arubaini ya mama.
Wala samaki, wala yai, wala maziwa ya Mzee Faki
aliyekuwa akipita na baiskeli akigonga dumu;
siku hizi akifika kwangu hagongi,
anakohoa tu.

Watu wa Wete hawaulizi ladha, wanauliza sababu.
Daktari kakukataza?
Umepewa mwiko?
Mume kakatwa mshahara?
Bi Asya, jirani, kwa huruma yake
kaniletea kichwa cha changu chini ya kawa.
Nilipofunua, kikanitazama.
Nikamrudishia sahani na mchicha wa nazi,
maana sahani hairudi tupu.

Supu yangu ya kwanza ilikuwa maji yenye huzuni.
Nilikata karoti, nikakata kiazi kikuu,
nikasahau kuwa miaka yote hiyo
mfupa ndio uliokuwa ukinifanyia kazi.
Rubea, mume wangu, alionja,
akatafuta neno la upole, akalipata:
"Ina moto."

Ya pili nilichoma kwanza nyanya na kitunguu thomu kwenye makaa,
nikatwanga pilipili manga,
nikatia karafuu moja
(moja, si mbili; mbili ni dawa ya jino),
na mbaazi zilizolala majini usiku kucha.
Ndimu mwishoni.
Rubea hakusema kitu. Aliinamisha bakuli.

Kisha keki.
Jamani, keki.
Ya kwanza, bila yai, ilikaa kitako
kama mgeni asiyetaja siku ya kuondoka.
Ya pili nilitia siki na magadi, ikafura,
nikaita watoto waje waone,
wakaja, ikanywea mbele yao.
Kuku wa Bi Asya waliimaliza.
Labda walikuwa wakinishukuru kwa jambo jingine.
Ya tatu: ndizi kisukari zilizopiga weusi, tui bubu, iliki,
makaa mengi juu ya kifuniko, chini machache.
Iliumuka.
Saa nane mchana nilisimama nayo peke yangu
nikiipulizia
kama goti la mtoto aliyechubuka.

Sababu ipo, ila si ya kusemea mlangoni.
Siku ile ya hitima niliosha nyama ya ng'ombe mzima
katika beseni la bati
alilokuwa mama akiniogeshea nikiwa mdogo.
Maji yakawa mekundu, nikayamwaga.
Yakawa mekundu, nikayamwaga.
Mara mkono wangu wa kulia ukakataa.
Ulikataa tu, kama punda darajani.
Hakuna aliyeona. Pilau ilipikwa,
watu walishiba, wakamwombea.

Juzi nilitaka mkate wake wa kumimina.
Hakuacha kipimo chochote, ila kikombe kilichopasuka mdomo,
basi nilikumbuka kwa mikono:
mchele ulioroweka, tui, hamira kidogo,
sukari, iliki, ngoja.
Nikawa naisubiri zamu ya yai.
Haikufika.
Mama hakuwahi kutia yai.
Nilikaa juu ya mbuzi, chicha viganjani,
nikacheka peke yangu,
kisha si kucheka.

Jana, fenesi bichi.
Mafuta mikononi kwa ajili ya ule utomvu,
kisu nacho nikakipaka.
Nililichemsha, nikalichambua nyuzi nyuzi,
bizari, ukwaju, nazi ya kukaanga.
Bakuli moja nikampelekea Bi Asya, bila maelezo.

Baada ya magharibi mwanawe, Mbwana, alisimama mlangoni.
Ndani ya bakuli mlikuwa na ndimu tatu.
"Mama kasema, ile nyama,
kama imebaki."

Nikamwambia imekwisha.
Mwenzake yuko juu ya mti, nyuma ya nyumba,
bado anakua.