Mkasi, Mkasa

Kaka alipiga simu kabla ya adhana:
Bimkubwa katangulia. Tunamzika adhuhuri.
Tiketi nishakukatia, kwa jina lako la nyumbani.
Nikaliacha gauni la watu mezani, Magomeni,
upande mmoja lina mkono, upande mmoja halina.

Jengo la kwanza, kwenye ndege ndogo,
hukupima wewe na begi lako pamoja:
kilo sabini na nne, za udi, za ubani, na zangu.
Nilidhani msiba nao utasomeka.
Mshale ulisimama pale pale.

Dada wa kaunta, beji yake yasema Tusekile,
anataka kitambulisho.
Nampa karatasi ya namba, mikunjo minne;
kadi yenyewe naingoja mwaka wa tatu,
kila nikienda ni mtambo, ni wino, ni kesho.
Anasoma tiketi. Anasoma karatasi. Anarudia.
"Hapa Mkasi Faki Kombo. Hapa Mkasa."

Herufi moja, dada yangu.
Siku ile foleni ilifika barabarani,
kijana anachapa huku anatafuna muhogo,
nami nina nguo ya bi harusi kwenye cherehani.
Nikasema liwalo na liwe.
Likawa.

"Kwani natoka nje ya nchi?"
"Hutoki, mama. Hata mimi nikienda kwetu Mbeya naulizwa."
"Ukishuka Mbeya, wanakuuliza tena?"
Akanyamaza. Nyuma yangu babu mmoja
alikuwa akiinyoosha kwa kiganja barua ya sheha,
mihuri miwili, mmoja umeangukia juu ya mwingine.

Tusekile akainua simu, akaongea na mtu,
akaongea tena, sauti ya chini, ya kuombea.
"Nabadili tiketi. Karatasi siwezi,
karatasi ni ya serikali."
Basi jina nililopewa na marehemu
likakubali kosa, likalifuata.

Penye mashine, askari akaukodolea macho mkoba.
"Humu mna mkasi."
"Ndiyo mimi," nikajibu.
Hakucheka. Akautoa:
chuma kizito, mpini umeliwa na gumba langu,
Bimkubwa alininunulia nilipovuka kuja huku,
akasema, jina lako hilo, usiombe mtu kazi.
"Mkasi haupandi ndege."

Tusekile akaja mbio, akaupokea,
akaufunga kikaratasi kwa lastiki,
akaandika kwa kalamu nyekundu: MKASI.
Herufi zote mahali pake.
Asubuhi nzima sikuona pengine
jina langu limeandikwa sawa.
"Ukirudi ulizia droo ya pili,"
akasema, kisha kwa haya kidogo,
"uje na kitambulisho."

Nikapanda Mkasa, kiti nyuma ya rubani.
Sikuchungulia dirishani.
Kidole gumba kilitafuta mpini
mpaka Chake Chake.