Kikapu Kisicho na Kitako

Jumamosi maji huja Makongeni saa kumi na moja alfajiri.
Najaza mapipa mawili, ndoo tatu, sufuria ya ugali,
kisha nafunga goti.

Bendeji nayo ina vituko: ikilegea, goti linacheka,
ikikaza, vidole vya mguu vinakufa ganzi.
Nina miaka arobaini na tisa na nusu.
Hiyo nusu naitaja kama alivyoitaja mwanangu
alipokuwa na minne na nusu: kwa majivuno.

Nyanya yangu, aliyeuza vitunguu Gikomba,
alikuja mara moja kunitazama, nikiwa kidato cha tatu.
Akaangalia ule mduara wa chuma, wavu umechanika,
mpira unaingia juu, unatokea chini.
"Kikapu gani hiki kisicho na kitako?
Watu kumi mnatoka jasho kukijaza,
na hakuna aliyeona kuwa kinavuja?"

Sikuwa na jibu. Labda ndiyo maana bado narudi.

Uwanja wetu ni saruji nyuma ya ghala la reli.
Mstari wa adhabu tuliuchora kwa rangi
iliyobaki Kavinya alipopaka lango lake,
kwa hivyo ni wa kijani, na umepinda kidogo
kama Kavinya mwenyewe tangu upasuaji.
Tuko saba. Mmoja hupumzika, na hakuna anayebisha.
Wanjugu ana presha, hudunda akihesabu pumzi.
Makungu hukimbia mara moja tu kwa mchezo,
lakini hiyo moja huichagua.
Jebiwott, mwalimu wa hesabu, bado anaruka:
yaani visigino vinaachana na ardhi,
karatasi ingepita.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
tulikaririshwa hivyo darasani.
Hawakutuambia kuwa ukingoni ndiko kuna kivuli,
na chupa ya maji, na mtu wa kukusogezea nafasi.

Nikirudi naweka pakiti ya njegere za barafu juu ya goti
naandika. Daftari la mgongo mwekundu,
la aina ile ya kuandikia madeni ya duka.
Hakuna aliyenituma. Naandika nani alikuja,
nani alifunga, kama kulinyesha, ni goti lipi.
Julai nzima ni baridi na vidole visivyoshika.
Februari kuna ukurasa wenye jina la Achola na tarehe,
basi. Siku hiyo hatukucheza.

Juzi nikafunua nikakuta mwandiko usio wangu.
Pale nilipoandika
*Tumewashinda wasichana wa Jericho, ishirini na mbili kwa ishirini,*
kuna penseli ya Tuva, kijana wangu wa ndevu tatu:
*Mama, nilikuwepo. Mlifungwa, thelathini na moja kwa ishirini.
Lakini ule wa mwisho, ulioutupa huku unaanguka,
uliingia bila kugusa chuma. Mbona hukuuandika?*

Njegere zikayeyuka, maji yakafuata muundi hadi kwenye soksi.
Alama nilidanganya, najua.
Ila ule mpira sikuuona kamwe.
Nilikuwa chini, shavu kwenye saruji,
nikasikia mtu nje ya ua akipiga makofi,
nikadhani ananicheka.

Kinavuja, nyanya. Kinavuja kweli.
Lakini siku ile hukutazama chini yake:
daima kuna mtu amekinga mikono.

Sikufuta kitu. Chini ya penseli yake nikaandika,
kwa wino: *Thelathini na moja kwa ishirini. Sahihi.*
Na pembeni, kwa herufi ndogo: *kununua njegere.*