Safu ya Nne, Kisima cha Saba

Baba alichimba visima Bahi kwa sururu:
vinane vikavu, kimoja cha chumvi.
Mimi vyangu ni tisini na sita
kwenye sahani isiyozidi kiganja,
na chini ya kila kimoja nimepanda seli
zikatanda kama ukoka.

Kisha nikamwingiza mgeni.
Tunajuana naye tangu utotoni:
alikuja akiitwa tetekuwanga,
tukapakwa kalamini, tukafungiwa ndani,
tukadhani ameaga.
Kumbe alijilaza kwenye mshipa wa fahamu
akingoja mwili uchoke.
Mama alipochoka, akaamka
na jina jipya, mkanda wa jeshi,
akamfunga ubavu mmoja
kichala kwa kichala cha malengelenge,
hata khanga ikawa nzito kama mlango wa bati.

Dawa haina jina. Ina namba: arobaini na moja.
Chilongani aliipima kwa mizani inayosikia pumzi,
akaniambia, "Usiipende mapema."
Arobaini za mbele yake tumezizika kwenye daftari.

Siku ya tano. Upepo wa Agosti
unasukuma vumbi la Ihumwa chini ya mlango.
Umeme umekatika mara mbili,
jenereta limekohoa, likakubali.
Namwaga rangi ya zambarau, nasuuza,
nainua sahani kwenye mwanga.
Safu ya kwanza, kweupe: dawa kali
imemuua mgeni pamoja na mwenyeji.
Safu ya mwisho, isiyoonja dawa,
virusi wamekula hadi ukutani.
Lakini hapa, safu ya nne, kisima cha saba,
zambarau imeshika,
nzito, kama zabibu za Hombolo zilizochelewa kuchumwa.
Nahesabu matundu. Mawili.

Cha sita kina tisa. Cha nane nilikimwaga mwenyewe.
Sishangilii. Nafuta miwani, nahesabu upya.
Mawili.

Jioni mama anapiga kutoka Mvumi.
Anauliza kama dawa imepatikana.
Namwambia, mama, ni kisima kimoja, tena cha sahani;
baada ya sahani kuna panya,
baada ya panya kuna karatasi na mihuri,
kisha watu watakaokubali, kisha miaka.
Ananyamaza. Namsikia akigeukia ubavu mzima,
kitanda kikilia.
"Kimoja," anasema.
"Baba yako angeinama kwanza, akaonja."