Pijo ya Mama Nyamizi

Ilikuja ikivutwa na trekta kwa kamba ya katani,
kuku mmoja bado anaatamia kiti cha nyuma.
Tukamtoa na mayai yake sita,
tukamhamishia kwenye tairi bovu, akanyamaza.
Pijo mia nne na nne. Shoo imepinda
kama mdomo wa mtu aliyeonja ndimu akakana.

Gereji yetu Isevya ilikuwa mabati manne na nguzo tano,
nami msichana peke yangu kati ya wavulana saba,
na kazi yangu msasa.
Msasa wa maji: ndoo, kipande cha sabuni, vidole vinavyokufa ganzi.
Fundi Sumuni alisema, Rangi ni mwongo mzuri,
msasa haujui kudanganya. Sugua.

Nikasugua.
Chini ya kijivu, kijani cha ushirika,
na ndani ya kijani herufi zilizokatika:
MBAKU, halafu BORA,
sikujua kama ni Tabora au ni bora tu.
Chini ya kijani, nyeusi. Nani aliipaka nyeusi, na kwa msiba gani?
Chini ya nyeusi, bluu nyepesi iliyoshuka nayo melini.
Kisha bati lenyewe, jeupe, likanitazama.

Mama Nyamizi alikuja Ijumaa na kidumu cha asali.
Huuza sokoni, asali ya mtundu kutoka Ipole,
hapunguzi bei hata kwa mkwewe.
"Nataka nyuki."
"Wangapi?"
"Wewe anza. Nitakwambia wakitosha."

Siku kumi na tisa Fundi alichora
kwa brashi ya manyoya ya mkia wa kindi.
Boneti zambarau iliyokolea, bilinganya lililopakwa mafuta;
ubavuni dhahabu inayojikunja na kujikunjua
kama mwandiko wa mtu anayeandika barua ya posa;
kwenye buti jua, na ndani ya jua malkia wa nyuki,
amevaa kilemba.
Nyuki mmoja, juu ya taa ya kushoto, ana miguu mitano.
Fundi alisahau, kisha akakataa kumrekebisha:
"Hata mzinga una wachechemeao."

Mstari mrefu, wa kutoka taa hadi taa, alinipa mimi.
Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka,
akasema ni chai. Hakuwa amekunywa chai.
"Usipumue mpaka mlango wa nyuma."
Sikupumua. Treni ya Mpanda ikapiga honi,
mkono ukaruka, unene wa unywele.
Upo pale, juu ya kitasa. Naujua mimi,
na sasa wewe.

Ukabaki mlango wa dereva, sijausugua bado.
Chini ya dirisha palikuwa na upara wa bati,
upana wa kiwiko,
na kuuzunguka kijivu, kijani, nyeusi, bluu,
duara ndani ya duara, kama kisiki kilichokatwa.
Mama Nyamizi aliweka kidumu chini.
"Hapo msiguse."
Hakuongeza neno. Miaka ishirini na moja
mkono wa mwanamume mmoja, shati limekunjwa,
umeegemea pale kwenda Sikonge, umeegemea pale kurudi.

Fundi alikasirika.
"Nimtoe bibi harusi na kiraka!"
Akazunguka gari, akawasha sigara, akaizima, akaichomeka sikioni.

Asubuhi tulikuta
nyuki wote wa ubavu ule amewageuza vichwa.
Wengine wanaingia pale, wengine wanatoka pale,
wawili wamesimama kama walinzi.
Upara umekuwa mlango wa mzinga.

Mama Nyamizi alihesabu, midomo inatembea bila sauti.
Alifika mbali sana.
"Wametosha," akasema,
akalipa madebe matatu ya asali, na la nne la kukopesha.

Mwaka jana niliiona karibu na stesheni.
Mjukuu anaendesha, mkono nje, kiwiko pale pale,
wala hakuna aliyemfundisha.
Dhahabu imechujuka. Malkia amebaki kilemba.
Na ule upara, masika baada ya masika,
umeshika kutu: hudhurungi yenye wekundu ndani yake,
asali ya mtundu ikikingwa na jua.

Hiyo hatukuichanganya sisi.