Siku Tatu Majikoni

Kidawa alipopata likizo ya siku tatu
baada ya miezi saba ya zamu za usiku
katika nyumba ya wazee, hapo Dundee,
nilidhani dada yangu atalala.
"Shika begi," akanambia. "Nataka kuona majumba."

Ngome ya Stirling imekaa juu ya jabali
kama jogoo juu ya paa: haishuki, haimhofu mtu.
Bwana Farquhar, mtembeza wageni, sketi yake ya drafti,
alituonyesha dari lenye vichwa vya mbao,
vyeo, ngao, kitanda cha fahari kisicho joto la mtu.
Wenzetu wakapiga picha.
Kidawa akanyoosha kidole kama yuko darasani:
"Na jiko liko wapi?"

Tukashuka.
Chini wapo wapishi wa sanamu, mikono ndani ya unga usioumuka.
Kidawa akawapa pole ya kazi,
mmoja mmoja,
na foleni nzima nyuma yetu ikangoja.

Usiku, mkahawani, wakaleta hagisi:
moyo wa kondoo, ini, mapafu,
vimekatwakatwa, vikatiwa nafaka na pilipili manga.
Yeye akaagiza ya dengu,
maana kondoo yule hakujua kachinjwa na nani.
Mimi, Mola anisitiri, nilikula yote, nikafuta sahani.
"Vipi?"
"Utumbo," nikasema, "uliovaa suti."

Linlithgow, kasri halina paa.
Moto ulilipitia zamani, na tangu hapo
mvua inaingia sebuleni bila hodi.
Ukumbini kuna meko
angeingia ng'ombe na ndama wake na bado ukapiga chapati.
Kidawa akaingia mwenyewe, na koti lake la kazi,
akaegemea jiwe lililoungua,
kimya, mpaka kunguru wakamzoea.
Nikamuuliza unaona nini.
"Hapa kuna mtu aliamka saa kumi alfajiri
ili mwingine akute mkate.
Jina lake halikuandikwa popote.
Hebu soma ukuta. Umesoma?
Hakuna."

Jumamosi ile ile, basi dogo hadi Blackness.
Ngome hiyo wameijenga mfano wa meli:
omo imechonga maji, tezi imegeukia nchi kavu,
ikasubiri upepo karne kadhaa, haikung'oa nanga.
Tukachungulia shimo la wafungwa;
bahari hupanda humo kwa mlango wake yenyewe.
Kidawa akacheka peke yake.
"Enda tezi na omo," akasema,
na hakumalizia. Mimi namjua:
zamu yake ilikuwa Jumapili, saa mbili usiku.

Tukaupita mji wetu kama si wetu, hadi Arbroath.
Kibanda kinafuka, macho yanawasha,
samaki wamefungwa mikia wawili wawili,
wanakaushwa kwa moshi chini ya gunia lililolowa.
Bi Elspeth akatupa uma za plastiki.
Kidawa akavua glavu,
akachambua kwa vidole, mgongo ukatoka mzima,
kama uzi kwenye nguo iliyoisha kushonwa.
Bi Elspeth akauacha mzani.
Akatuongezea wawili, akakataa pesa.
Tuliwala kwenye benchi, upepo ukitupiga makofi,
bila ndimu, bila ugali,
na sikukumbuka kulalamika.

Saa mbili kamili alikuwa kazini, nywele zikinuka moshi.
Hili alinisimulia asubuhi, viatu bado miguuni.
Chumba namba sita kuna mzee Geddes,
tangu Pasaka hajatamka neno.
Alipomwinua amgeuze,
mzee akaushika mkono wake, akaunusa
taratibu, kiganja, kisha kila kidole,
akafungua jicho moja.
"Huja wawili," akasema.
"Wa pili umempeleka wapi?"

Alikuwa kwenye mkoba, ndani ya gazeti.
Sheria za pale haziruhusu.
Kidawa akafunga mlango.