Kwa Muthiani, Aliyeuliza Kuhusu Karo

Muthiani, umeniuliza mbele ya mama yako,
naye akaacha kupepeta mchele ili asikie:
ile shahada ya kutengeneza michezo ya kompyuta
inamfungulia mtu mlango, ama ni karo ya bure?

Nikakohoa kama mhadhiri.

Baba yangu, karani wa posta mpaka alipostaafu,
alisema neno moja tu nilipochagua: "Mchezo?"
Lugha yetu haikunisaidia hapo.
Mchezo ni wa watoto, mchezo ni mzaha,
acha mchezo, kazi si mchezo,
na mimi natoka na mkoba kila Jumatatu
kwenda kusomea kile ambacho watoto wote wa Umoja
walichapwa kwacho.

Miaka minne. Nilijifunza vekta.
Nilijifunza kwamba mpira ukidunda kwenye skrini
sharti ubonyee kidogo ndipo jicho liuamini.
Nilifundishwa pia programu iliyokwisha kufa,
na bwana mmoja mpole, tai ya kijani,
ambaye hajawahi kumaliza mchezo hata mmoja,
wa kutengeneza wala wa kucheza.
Sisemi kwa ubaya. Alisahihisha kazi zetu kwa wakati.

Mama akakipeleka cheti River Road kikafunikwe plastiki,
shilingi themanini, kikarudi na kiputo cha hewa
juu ya jina langu.

Siku ya mahojiano, Ngong Road, orofa ya pili
juu ya duka la magurudumu,
nilikibeba kwenye bahasha ya kaki. Kikakaa humo.
Kerubo hakukiulizia. Alinyoosha mkono: "Lete simu."
Akacheza mchezo wangu, ule wa ploti ya Pipeline:
stima zimepotea, maji yamefika bombani chini tu,
panda na mtungi hadi orofa ya tano, usimwage.
Akaanguka kidato cha saba. Akaanguka tena.
"Hapa pana nini?"
Nikamweleza: kile kisanduku kisichoonekana,
kinachozunguka mguu, kimezidi upana wa kidato.
"Ulijua?"
"Nilijua."
"Mbona hukurekebisha?"
Swali hilo halikuwa kwenye mtihani wowote.

Kazi akapewa Otiende,
fundi wa simu wa Luthuli, asiye na cheti
isipokuwa cha kuzaliwa, na hicho ni nakala.
Alikuja na michezo kumi na moja,
yote mibaya, yote imekamilika.

Ngoja, usikimbilie kumwambia mama yako.
Mwaka wa tatu, meza ya nyuma, maabara yenye baridi,
nilikaa na Chemtai, aliyechora wingu moja wiki nzima.
Tulifeli pamoja mradi mmoja mkubwa.
Tukagombana juu ya rangi ya ndoo, siku nne bila salamu.
Ni yeye aliyenipigia baada ya miezi kumi na minane
ya kuuza bima: "Kuna kiti hapa. Njoo na ngazi zako."
Otiende ndiye mkubwa wangu sasa.
Huniuliza mambo ya vekta
mlango ukiwa umefungwa.

Basi nihesabu vipi? Karo yote ile
kwa meza moja na mtu wa kukaa naye?
Pengine ungeipata meza hiyo kwa bei nafuu, sijui.
Wapo wanaoipata kwenye saiba, saa moja shilingi sitini.
Wapo wa darasa langu waliokaa pale pale
wakaondoka bila kumjua aliye kando;
mmoja anauza vigae, na anauza vizuri.

Naongea haya yote, nawe husikii.
Umeshika simu yangu, ulimi nje, betri asilimia sita,
uko orofa ya tatu, maji nusu mtungi.
Kisha unauliza bila kuinua macho:
"Mbona ngazi hizi hazina pa kushika?"

Mama yako ananitazama.
Miaka minne, tai ya kijani, Kerubo, Otiende,
Chemtai mwenyewe:
hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.